Kumwandaa kijana wa ECA kabla ya kidato cha tano: kazi za vitendo za kufanya mtaani

Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba, matokeo hutoka Januari, na shule za kidato cha tano hufunguliwa Julai. Katikati hapo kijana yupo nyumbani zaidi ya miezi saba. Wazazi wenye uwezo humpeleka tuisheni. Huko ananakili maana ya uchumi, maana ya biashara na aina za mitaji, anajaza madaftari, kisha Julai anafika shule na mwalimu anaanza na mambo yaleyale.

Kwa kijana aliyechagua ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu, nina imani kubwa na njia nyingine: achunguze biashara moja ya mtaani kwa daftari, siku kwa siku, mpaka aijue. Nimefundisha masomo haya muda wa kutosha kuona wanafunzi wanakwama wapi. Hesabu zenyewe ni za kujumlisha na kutoa, na wengi wanaziweza. Kinachowashinda ni kuamini kwamba pesa iliyomo kwenye droo na faida ni vitu viwili tofauti, au kwamba mtaji ni deni ambalo biashara inadaiwa na mwenye biashara. Wanakariri, wanafaulu jaribio la kwanza, halafu likija swali la hesabu zisizokamilika, yaani za biashara isiyo na kumbukumbu zote, wanapotea. Aliyekaa gengeni akihesabu noti za jioni na kuona mwenye genge anachukua nyanya za kupika kwake hapotei, kwa sababu ameshaona.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mzazi, au kaka na dada aliyepita njia hiyo na sasa ana mdogo wake nyumbani. Vifaa ni kaunta buku tatu, kalamu, kikokotoo, na simu ya mtu yeyote yenye intaneti kwa siku chache tu. Muda ni saa moja na nusu kila jioni, na saa mbili siku ya Jumapili. Acha Desemba apumzike. Anza Januari.

Hatua ya 1: Tafuta biashara moja, na uombe kwa adabu

Biashara inayofaa ni ndogo, inauza kila siku, na ina vitu vya kuhesabika: genge la mboga, duka la rejareja, mama lishe, kibanda cha chipsi, mashine ya kusaga. Wakala wa pesa za simu anafaa pia, ila kijana akae mbali na simu na namba za wateja; yeye aandike idadi ya miamala na kamisheni basi. Biashara ya nyumbani kwenu inakubalika, lakini ya jirani ni bora. Kwenu mtoto hawezi kuuliza mama yake mbona pesa ya mauzo imenunua gesi ya kupikia. Kwa jirani swali hilohilo linakuwa la kawaida.

Siku ya kwanza mtu mzima amsindikize. Kijana aseme mwenyewe, kwa maneno mepesi: "Shikamoo mama. Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Naomba niwe nakuja jioni nikusaidie kupanga na kufunga, na wewe uniruhusu niandike mauzo kwenye daftari langu la shule."

Jibu mara nyingi litakuwa hili: "Mwanangu, wewe usije ukaniletea watu wa TRA hapa." Hofu hiyo ya watu wa kodi ni ya kweli na isichekwe. Mwahidi mambo matatu na yatimizwe. Jina lake halitaandikwa popote, biashara itaitwa Genge A. Daftari anaweza kulisoma wakati wowote. Na mwisho wa kazi atapewa ukurasa mmoja unaomwonyesha biashara yake inakwendaje. Hilo la tatu ndilo linalomlainisha, kwa kuwa wengi wanatamani kujua na hawana muda wa kukaa na kalamu.

Kijana atoe jasho kidogo. Achambue mchicha, abebe ndoo, afagie. Hakuna anayependa mtu wa kukaa tu pembeni na kalamu akitazama mapato ya mwenzake. Na kama ni binti, mpangilie saa za kumaliza kabla giza halijaingia, hata kama mauzo makubwa yanakuja usiku. Mauzo ya usiku atayapata asubuhi kwa kuuliza.

Hatua ya 2: Daftari la fedha, wiki mbili bila kuruka siku

Kaunta buku ya kwanza ifunguliwe kurasa mbili zinazotazamana. Upande wa kushoto, pesa zinazoingia. Upande wa kulia, pesa zinazotoka. Kila mstari una tarehe, maelezo mafupi na kiasi. Hicho ndicho kitabu cha fedha atakachokikuta shuleni, debiti kushoto na krediti kulia, na huna haja ya kumwambia maneno hayo bado.

Sheria zangu ni chache. Andika siku hiyohiyo. Usifute kwa wino mweupe. Ukikosea, piga mstari mmoja na uandike upya. Kila jioni hesabu pesa iliyopo na uilinganishe na daftari. Zikipishana, andika tofauti yake wazi, "pungufu 1,200", wala usitafute namba ya kuziba pengo. Nakazia hili kwa sababu mwanafunzi anayezoea kulazimisha namba zikubali huendelea nalo mpaka kwenye chumba cha mtihani.

Siku za kwanza daftari litakuwa na mashimo. Atasahau mkopo wa mteja, atasahau mifuko ya kufungia, atasahau pesa ya mlinzi wa soko. Mwache agundue jioni kwa kuona pesa haitoshi, kisha arudi kumuuliza mwenye genge. Kufikia wiki ya pili anakuwa ameshajua kuuliza: nani amekopa, nani amelipa deni la zamani, nani amechukua mzigo wa nyumbani.

Hatua ya 3: Jumapili ya hesabu

Hapa ndipo penye utamu, na hapa mtu mzima akae naye. Jumapili ya kwanza waandike vitu vyote vya genge pamoja na madeni yake, na Jumapili inayofuata warudie. Nitumie namba za mfano.

Mwanzo wa wiki: bidhaa za 40,000, pesa taslimu 25,000, na genge linadaiwa 15,000 na muuzaji wa jumla. Mali ni 65,000, ukitoa deni unabaki mtaji wa 50,000.

Mwisho wa wiki: bidhaa za 32,000, pesa taslimu 36,000, wateja wamekopa 9,000, na deni la muuzaji wa jumla limepungua hadi 10,000. Mali ni 77,000, ukitoa deni mtaji ni 67,000.

Mwulize mwenye genge amepata faida kiasi gani wiki hiyo. Ataangalia pochi. Pesa imeongezeka kutoka 25,000 hadi 36,000, kwa hiyo atasema elfu kumi na moja. Kijana naye ataona mtaji umekua kwa 17,000, atasema kumi na saba. Sasa mwulize: na zile elfu tatu ambazo mwenye genge huchukua kila siku kwa chakula cha nyumbani? Siku saba, 21,000. Pesa hizo hazikupotea na hazikuwa gharama za biashara. Mwenye mali amechukua chake. Faida ya kweli ni 17,000 jumlisha 21,000, yaani 38,000.

Majibu matatu kwa genge moja. Kijana ayaandike yote matatu, na chini ya kila moja aeleze kwa sentensi mbili kwa nini ni sahihi au si sahihi. Usimsaidie kuandika. Akiweza kueleza kwa nini 11,000 si faida, ameshapata mzizi wa Uhasibu wa kidato cha tano na cha sita: mali ni sawa na mtaji jumlisha madeni, na faida hupimwa kwa mabadiliko ya mtaji baada ya kurudisha alichochukua mwenyewe.

Kisha ongeza jambo ambalo kila mtaa unalijua. Tuseme mwenye genge anakopa 100,000 za kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, alipe ada ya mtoto, na marejesho ni 4,500 kila siku kwa siku 30. Anarudisha 135,000. Kijana atasema riba ni asilimia 35 kwa mwezi. Mwambie aangalie tena: deni linapungua kila siku, kwa hiyo kwa wastani mama huyo amekaa na karibu nusu tu ya ile laki moja. Kwa fedha aliyokuwa nayo kweli mkononi, riba inakaribia asilimia 70 kwa mwezi mmoja. Wakati huohuo mkopo wa kawaida wa benki nchini ni karibu asilimia 15 kwa mwaka mzima.

Na genge je? Marejesho ya wiki ni 31,500, chakula cha nyumbani 21,000, jumla 52,500. Faida ni 38,000. Kila wiki 14,500 zinatoka kwenye mtaji wenyewe. Baada ya wiki nne mtaji wa 67,000 umebaki 9,000. Watu husema "amekula mtaji" kana kwamba ni tabia mbaya ya mtu. Kijana akiona kwenye karatasi kwamba mtaji umeliwa na ratiba ya marejesho huku genge likiendelea kupata faida ileile, ataelewa kwa nini biashara yenye faida inaweza kufungwa. Swali hilo linarudi kwenye masomo yote matatu.

Hatua ya 4: Gharama ya andazi moja

Wiki ya nne au ya tano, mpeleke kwa mpika maandazi. Aamke naye alfajiri mara moja, apime kila kinachoingia. Mfano wa mkupuo mmoja: unga kilo 2 kwa 4,000, sukari gramu 300 kwa 900, mafuta yaliyotumika 2,500, hamira na iliki 600, mkaa 1,500. Jumla 9,500. Yametoka maandazi 60, yakiuzwa 200 kila moja ni 12,000.

Atafurahi kuona 2,500. Sasa aulize maandazi mangapi yalibaki. Sita yalilala, kwa hiyo mauzo ni 10,800 na kilichobaki ni 1,300. Kazi ilianza saa ngapi? Saa kumi usiku. Kama mpishi angefua nguo za watu kwa saa hizo angepata kiasi gani? Akiandika jibu hilo pembeni, amekutana na gharama ya fursa mbadala, mada ambayo vitabu vya Uchumi huieleza kwa mifano ya mashamba ya ngano ya nchi za watu.

Halafu fanya jaribio la sukari. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilivuruga uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika, na sehemu nyingi kilo ikauzwa 4,000 na zaidi. Chukua 4,500 badala ya 3,000. Sukari ya mkupuo mmoja inapanda kutoka 900 hadi 1,350. Ongezeko ni 450, ukigawa kwa maandazi 60 ni shilingi saba na nusu kwa andazi.

Mwulize kijana: mpishi atafanyaje? Hawezi kuuza andazi kwa 207.50, sarafu hiyo haipo mtaani. Akipandisha hadi 250 wateja watahamia kwa jirani. Atakachofanya wengi tumekiona kwa macho: andazi litapungua ukubwa. Mwambie apime uzito wa maandazi kumi kwa wapishi wawili tofauti, kama kuna mizani dukani. Bei ileile na uzito tofauti, hapo ana somo la ushindani, la mfumuko wa bei usioonekana kwenye bei, na la mteja anavyoamua.

Mwaka huohuo, Januari, serikali kupitia Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi, rejareja kati ya 2,700 na 3,200 kwa kilo kutegemea mkoa. Kazi ya maandishi: kama mwenye duka amenunua jumla kwa bei iliyo juu ya hapo, atafanya nini na sukari yake? Na nani anaumia zaidi, mwenye pesa ya kununua mfuko mzima au anayenunua robo kila asubuhi? Ukurasa mmoja. Usimpe jibu. Wapo watakaotetea bei elekezi na wapo watakaoipinga, na yeyote anayeonyesha sababu na matokeo yake hatua kwa hatua anastahili alama.

Hatua ya 5: Risiti na ujumbe wa LUKU

Kwa wiki moja nyumba nzima isitupe karatasi. Risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, za duka kubwa na za kituo cha mafuta, ankara ya maji, hati ya kupokelea mzigo kutoka kwa mwenye duka, stakabadhi ya kuandikwa kwa mkono. Abandike kila moja kwenye ukurasa wake na aandike nani ameitoa, nani ameipokea, na imethibitisha nini. Somo la Biashara lina mada nzima ya hati, na mwanafunzi aliyewahi kuzishika hazichanganyi.

Kazi kubwa ya hatua hii ni ujumbe wa LUKU, yaani wa kununua umeme. Chukua manunuzi ya pili ya mwezi, kwa sababu ya kwanza huwa na makato ya kodi ya jengo. Mfano wa 10,000: umeme wenyewe 8,196.72, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) asilimia 18 ni 1,475.41, REA (umeme vijijini) asilimia 3 ni 245.90, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 ni 81.97.

Kabla ya kumwonyesha mchanganuo, mwambie akadirie. Karibu kila kijana atajumlisha 18, 3 na 1 kupata 22, achukue asilimia 22 ya 10,000, aseme makato ni 2,200. Ujumbe unaonyesha 1,803 na senti. Mwache asumbuke mpaka aone kwamba asilimia zinapigwa juu ya bei ya umeme, wala si juu ya ile elfu kumi aliyolipa. Elfu kumi ni asilimia 122. Gawa kwa 1.22. Vivyo hivyo risiti ya 11,800 yenye VAT ndani yake ni bidhaa ya 10,000 na kodi ya 1,800. Kosa hili la kuchukua asilimia ya jumla nimelisahihisha kwa kidato cha sita wanaokaribia mtihani wa taifa. Nusu saa ya LUKU inalimaliza.

Mwenye genge hatozi VAT. Kwa nini? Usajili wa VAT Tanzania Bara unaanzia mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Je, hilo lina maana genge halilipi VAT kabisa? Aifuate mifuko ya kufungia na nauli ya kubeba mzigo kwanza ndipo ajibu.

Hatua ya 6: Kapu la bei

Kaunta buku ya pili. Achague vitu kumi ambavyo nyumba yenu inanunua kila wiki: sembe, mchele, maharage, sukari, mafuta ya kula, fungu la nyanya, mkaa, sabuni, nauli ya daladala, dagaa. Aandike kiasi kinachotumika na bei, kila Jumamosi, duka lilelile. Jumla ya wiki ya kwanza iwe 100. Kama ilikuwa 48,000 na wiki ya nane ni 50,400, kipimo ni 105.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutangaza mfumuko wa bei kila mwezi, na wastani wa 2024 ulikuwa asilimia 3.1. Kijana atashangaa namba yake ikiwa tofauti kabisa. Asikimbilie kusema serikali imedanganya. Kapu la taifa lina mamia ya bidhaa na huduma, lake lina kumi tu, na nyingi ni chakula; taifa linalinganisha na mwezi huohuo wa mwaka jana, yeye analinganisha na wiki nane zilizopita, labda kabla ya mavuno. Kuandika tofauti hizo ni zoezi zuri kuliko kukariri maana ya mfumuko.

Pembeni ya kapu awe na safu ya petroli. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Aandike bei hiyo, kisha siku tatu baadaye aulize nauli ya bodaboda kutoka kwenu hadi sokoni, na bei ya tenga la nyanya. Je, nauli ilipanda petroli ilipopanda? Ilishuka iliposhuka? Atakuta mambo hayaendi sawasawa, na hapo ndipo Uchumi unapoanza kumvutia.

Anayeishi Dar es Salaam aongeze safari moja ya asubuhi hadi soko la Ilala au Mabibo. Nyanya nyingi za jijini zinatoka Iringa, hasa Ilula pale barabara kuu. Aulize madereva, madalali na wachuuzi bei ya tenga kila linapobadilisha mikono, achore mstari kutoka shambani hadi kwenye fungu la gengeni, na aandike kila mmoja katikati anafanya kazi gani. Watoto wengi huanza wakiamini dalali ni mnyonyaji tu. Waambie wahesabu pia matenga yanayooza njiani na nani anabeba hasara hiyo, ndipo waseme.

Hatua ya 7: Bodaboda ya mkataba

Hii ni fupi. Kijiweni kuna dereva wa mkataba: anampelekea mwenye pikipiki hesabu ya kila siku, na mwisho wa mkataba pikipiki inakuwa yake. Kijana aulize masharti kwa heshima, kisha akokotoe. Kwa mfano 10,000 kwa siku 26 za mwezi, miezi 14, ni 3,640,000. Kama pikipiki dukani ni 2,800,000, dereva amelipa 840,000 zaidi. Amenunua nini kwa pesa hiyo? Hatari ni ya nani pikipiki ikiibiwa? Nani analipa bima, oili, matairi? Jibu likiwekwa kwenye jedwali la safu mbili, dereva na mwenye pikipiki, inatosha.

Hatua ya 8: Kutoka gengeni hadi Soko la Hisa

Aprili au Mei, macho yainuke. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo 1998, na kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL, ya gesi za viwandani. Leo wapo TBL ya bia, Twiga ya saruji, benki za NMB na CRDB, na Vodacom, ambayo hisa zake ziliuzwa kwa umma 2017 kwa shilingi 850. Achague kampuni moja anayoitumia, aandike bei ya hisa kila Ijumaa kwa wiki sita, na atafute habari yoyote iliyotokea wiki ambayo bei ilisogea.

Benki ni rahisi zaidi kwa mwanzo, kwa sababu hutoa hesabu zao magazetini kila robo mwaka. Nunua gazeti moja lenye hesabu hizo. Asijaribu kuelewa kila mstari. Atafute vitu vinne: mali zote, madeni yote, mtaji wa wanahisa, faida baada ya kodi. Ahakikishe mwenyewe kwamba mali ni sawa na madeni jumlisha mtaji. Ni mlinganyo uleule wa Genge A, ila mwisho una sifuri nyingi. Jambo la kumwonyesha: amana za wateja zinakaa upande wa madeni. Pesa yako uliyoiweka benki ni deni la benki. Wengi hushtuka hapo, na hawasahau tena.

Kama kuna muda, aandike pia njia ya kurasimisha Genge A: namba ya mlipakodi (TIN) kutoka TRA, leseni ya biashara kutoka halmashauri, na kusajili jina la biashara BRELA. Kwa kila hatua aeleze mwenye genge atafaidika nini na atagharimika nini.

Kuandika kila wiki

Kaunta buku ya tatu ni ya maandishi. Ukurasa mmoja kila Jumapili, swali moja. Mwezi wa kwanza na wa pili kwa Kiswahili, ili fikra ziwe wazi kwanza. Kuanzia Machi aandike ukurasa uleule kwa Kiingereza, maana masomo na mitihani ya kidato cha tano ni kwa lugha hiyo, na mtoto mwenye wazo zuri hukosa alama kwa kukosa sentensi. Nyuma ya daftari awe na safu mbili za istilahi: kushoto neno la gengeni, kulia jina lake la darasani. Alichochukua mama kwa ajili ya nyumbani kina jina lake. Wateja waliokopa wana jina lao. Ayajaze kadiri anavyoyakuta, pasipo kunakili orodha ya mtu mwingine.

Unaposahihisha, uliza "umejuaje?" kila anapoweka namba. Namba aliyoipima mwenyewe iwekewe alama, na aliyoikadiria iandikwe "makadirio".

Watu hunishauri niwape vijana elfu hamsini waanzishe biashara zao moja kwa moja. Mimi nasubiri. Kijana akianza kuuza kabla hajajua kuweka daftari, pesa ikiisha hajui iliishia wapi, na mzazi anabaki na lawama. Baada ya miezi miwili ya Genge A, mpe kiasi kidogo auze karanga au ubuyu, na masharti yawe yaleyale: daftari kila jioni, hesabu kila Jumapili.

Matokeo yakitoka, na Julai ikikaribia

Baada ya matokeo hutolewa muda wa kubadili tahasusi kwenye mfumo wa TAMISEMI. Kaa na kijana na madaftari yake kabla ya dirisha hilo kufungwa. Kama Jumapili za hesabu zimekuwa adhabu kwake lakini ukurasa wa bodaboda na wa dalali ameuandika kwa hamu, huenda HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) inamfaa kuliko ECA, na Uchumi bado atausoma. Kama anapenda namba na hana shida na hisabati, EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) ipo. Ni heri aamue akiwa na ushahidi wa kazi yake mwenyewe kuliko kufuata marafiki.

Wiki ya mwisho kabla ya kuripoti, arudi kwa mwenye genge na ule ukurasa alioahidi: faida ya wiki kwa wastani, bidhaa tatu zinazolipa zaidi, bidhaa inayooza kuliko inavyouzwa, na wateja wanadaiwa jumla gani. Amsomee kama macho au herufi zinamsumbua, na amwachie.

Kwenye tranka ziingie kaunta buku zote tatu na kikokotoo. Mwalimu wa Uhasibu akianza mada ya kitabu cha fedha, kijana afungue ya kwanza na alinganishe mistari yake na ya ubaoni. Akiona tofauti, anyooshe mkono aulize.